Mpango wa Maarifa na Njia ya Mwanafunzi

Mwalimu hupimwa kwa mambo mengi. Hupimwa kwa ujuzi wake wa somo, kwa andalio lake, kwa sauti yake, kwa zana anazotumia na kwa namna anavyoliongoza darasa. Lipo jambo moja, hata hivyo, ambalo mara nyingi hutajwa kwa haraka na kupitwa, nalo ni mpango: yaani jinsi maarifa yanavyowekwa ubaoni, kitabuni, kabatini na ukutani ili yule anayeyatafuta apate kuyafikia. Katika makala haya tunakusudia kutetea maoni kwamba mpango ni sehemu ya kufundisha sawa na sauti ya mwalimu, na kwamba wengi katika watoto tunaowaita wazito si wazito hata kidogo, bali wamepotea katika njia ambayo hakuna aliyewaonyesha.

Asili ya fikra hii

Fikra tunayoieleza si ngeni. Mwaka 1924 mwalimu wa hisabati wa India, S. R. Ranganathan, aliteuliwa kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras. Miaka saba baadaye, mwaka 1931, alitoa kitabu chake juu ya sheria tano za ukutubi. Katika sheria hizo vitabu vilihesabiwa kuwa vitu vya kutumiwa, wala si mali ya kufungiwa. Na mojawapo ilidai kwamba muda wa msomaji uokolewe. Huyu alikuwa mwalimu kabla hajawa mkutubi, na sheria zake zanukia chaki.

Mwaka 1976 msanifu majengo wa Marekani, Richard Saul Wurman, aliongoza mkutano wa wasanifu wenzake katika mji wa Philadelphia, na mada aliyouwekea ilikuwa usanifu wa taarifa. Hoja yake ilikuwa kwamba, kama vile nyumba inavyohitaji milango, korido na madirisha ili watu wakae vizuri, ndivyo taarifa nazo zinavyohitaji mpango ili watu wazielewe. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Donald Norman alitoa kitabu juu ya vitu vya kila siku, kama milango, swichi na majiko, akaonyesha jinsi umbo la kitu linavyomwelekeza au kumpoteza anayekitumia. Miaka michache baadaye alifanya kazi katika kampuni ya Apple, na cheo chake huko kilibeba maneno yaliyokuja kuenea duniani kote: uzoefu wa mtumiaji.

Kutokana na watu hao na wengine, zimekua taaluma mbili zilizo ndugu. Ya kwanza, usanifu wa taarifa, hushughulika na kupanga maarifa, kuyapa majina na kuyaunganisha ili yapatikane. Ya pili, usanifu wa uzoefu wa mtumiaji, huangalia yote anayoyapitia mtu akitumiapo kitu: anachokiona, anachokidhani, anachokifanya na anavyojisikia, tangu mwanzo hata mwisho. Leo taaluma hizi zatumika sana katika kutengeneza tovuti na programu za simu, na kwa sababu hiyo mwanachuo aweza kudhani kuwa ni mambo ya mafundi wa kompyuta yasiyomhusu mwalimu wa darasa la tatu. Sivyo. Darasa lina mpango kabla halijapata umeme. Mwalimu ni msanifu wa taarifa apende asipende. Tofauti ni kwamba yuko anayepanga kwa kufikiri na yuko anayepanga kwa mazoea.

Mwaka 1998 Louis Rosenfeld na Peter Morville, Wamarekani wawili waliosomea ukutubi, waliigawa kazi hii katika mafungu manne: kupanga, kuita majina, kuonyesha njia na kuwezesha kutafuta. Nasi tutafuata mafungu hayo, kila moja tukilipeleka darasani.

Kupanga ni kujibu swali

Wurman alieleza kwamba njia za kupanga taarifa ni chache mno. Twaweza kupanga kwa mahali, kwa alfabeti, kwa wakati, kwa aina, au kwa kiwango, yaani kutoka kidogo hadi kikubwa. Mwanachuo ajaribu kutafuta njia ya sita. Hataipata kwa urahisi.

Tuchukue maziwa matatu makubwa ya nchi yetu. Tukiyapanga kwa alfabeti, tutaandika Nyasa, Tanganyika, Victoria. Tukiyapanga kwa mahali, kutoka kaskazini kwenda kusini, tutaandika Victoria, Tanganyika, Nyasa. Tukiyapanga kwa eneo, Victoria litatangulia, kwa kuwa lina kilometa za mraba zipatazo 68,800. Lakini tukiyapanga kwa kina, Victoria litakuwa la mwisho, maana kina chake hakizidi sana meta 80, ilhali Tanganyika lina kina cha meta zipatazo 1,470 na Nyasa meta zipatazo 700. Ziwa lililo kubwa kuliko yote kwa eneo ndilo lililo na kina kifupi kuliko yote.

Maziwa ni yale yale matatu, wala hatukuongeza habari mpya kila tulipobadili orodha. Hata hivyo, kila orodha imejibu swali lake. Orodha ya alfabeti yamfaa mtoto anayejua jina na kutaka kulifikia upesi. Orodha ya mahali yamfaa anayejifunza ramani. Orodha ya eneo na ile ya kina, zikiwekwa pamoja ubaoni, zazaa swali ambalo mtoto mwenyewe ataliuliza: imekuwaje ziwa kubwa likawa na kina kifupi? Hapo mwalimu amefika mlangoni mwa somo la Bonde la Ufa bila kutoa hotuba.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika orodha yoyote ubaoni, mwalimu ajiulize: orodha hii inajibu swali gani la mwanafunzi? Kama haijibu swali lolote, ni pambo. Twaliona jambo hili hasa katika kona za vitabu. Mara nyingi vitabu hupangwa kwa ukubwa wa majalada, virefu huku na vifupi kule, na mkaguzi akiingia husifu unadhifu. Lakini ni mtoto gani aliyewahi kutafuta kitabu kwa urefu wake? Melvil Dewey wa Marekani, mwaka 1876, aliyagawa maarifa yote katika mafungu 10 kwa ajili ya maktaba kubwa. Kona yenye vitabu 60 haihitaji mafungu yake. Yahitaji matatu au manne tu, yaliyotokana na maswali ya watoto: hadithi, wanyama, nchi na watu, michezo na mafumbo. Maboksi manne na kalamu ya wino vyatosha.

Majina anayoyajua mtafutaji

Fungu la pili ni kuita majina. Kibao cha jina ni ahadi: kinasema kwamba ukifungua hapa utakuta kitu fulani. Ahadi isiyoeleweka ni sawa na ahadi isiyotolewa. Mwalimu akiandika juu ya boksi "Fasihi Simulizi", amesema kweli kitaaluma, lakini mtoto wa darasa la tatu anayetafuta hadithi ya Sungura na Fisi atalipita boksi hilo kama alivyopita mengine. Akiandika "Hadithi", mtoto atasimama.

Hatusemi kwamba istilahi zisifundishwe. Mtoto atafika siku ya kujifunza neno "fasihi", na mwalimu atamfundisha kwa taratibu zake. Tunachosema ni kwamba mlango si mahali pa kufundishia msamiati mgumu. Neno jipya lifundishwe ndani ya somo, na mlangoni liandikwe neno ambalo mtoto analo tayari mdomoni mwake. Njia ya kulipata neno hilo ni rahisi: waulizwe watoto wenyewe. Wapewe vitabu kumi, waambiwe wavigawe katika mafungu kama wanavyoona wao, kisha kila fungu walipe jina. Wasanifu wa taarifa hulifanya zoezi hili kwa kadi ndogo zilizoandikwa majina ya vitu. Sisi twaweza kulifanya sakafuni au chini ya mwembe, na tutashangaa jinsi mafungu ya watoto yasivyofanana na yetu.

Njia na alama zake

Fungu la tatu ni kuonyesha njia. Mtu aliye katikati ya safari huhitaji kujua mambo matatu: nipo wapi, nimetoka wapi, na kutoka hapa naweza kwenda wapi. Abiria wa Dar es Salaam anajua maana ya jambo hili. Daladala huandikwa mbele vituo vyake viwili vya mwisho na kupakwa ubavuni mstari wa rangi ya njia yake, hata asiyeweza kusoma maandishi kwa mbali aweza kuijua gari yake kwa rangi.

Mfano mashuhuri zaidi ni wa London. Ramani za awali za reli za chini ya ardhi katika mji huo zilifuata jiografia ya kweli, na kwa hiyo stesheni za katikati ya mji zilibanana huku zile za pembezoni zikitawanyika. Mwaka 1931 mchoraji mmoja aliyefanya kazi katika reli hizo, Harry Beck, alichora ramani ya namna nyingine. Mistari yote aliinyoosha, stesheni akazipa nafasi zinazolingana, na umbali wa kweli akauacha. Wakubwa wake waliikataa kwanza, lakini ilipotolewa kwa abiria mwaka 1933 ilipokewa vizuri, na mtindo wake umeigwa na miji mingi. Beck alitambua kwamba msafiri aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua kilometa. Ana haja ya kujua stesheni inayofuata ni ipi, na abadili treni wapi. Aliacha mambo ya kweli yasiyohitajika ili mambo ya kweli yanayohitajika yaonekane.

Ubao wetu ndio ramani ya somo. Tumpime mwalimu hivi: mwanafunzi aliyechelewa dakika kumi anaingia, anaketi, anautazama ubao. Je, ataweza kujua somo ni lipi, limefika wapi, na yeye anatakiwa kufanya nini? Kama ubao umejaa maneno kutoka pembe hadi pembe, mengine yamefutwa nusu, mengine ni ya kipindi kilichopita, mtoto huyo hana ramani. Kama juu kumeandikwa tarehe, somo na mada, kushoto kumebaki hatua za somo kwa namba, katikati ni kazi inayoendelea, na kulia ni maneno mapya, atajua mahali pake bila kuuliza. Na si yule aliyechelewa tu. Kila mtoto aliyepotewa na mawazo kwa dakika mbili ni mchelewaji pia.

Hapa yafaa tutahadharishe juu ya kanuni moja inayonukuliwa ovyo. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alitoa makala mashuhuri yaliyoeleza kwamba kumbukumbu ya papo hapo ya mtu mzima hushika vitu kama saba tu, vikizidi au kupungua viwili. Uchunguzi uliokusanywa na Nelson Cowan mwaka 2001 uliishusha idadi hiyo hadi kama vinne. Wapo waliozichukua hesabu hizo wakazifanya amri, kwamba ubaoni au katika orodha pasiandikwe mambo zaidi ya saba. Hawakumwelewa Miller. Yeye alizungumzia vile ambavyo mtu hana budi kuvishika kichwani vikiwa vimekwisha kuondoka machoni na masikioni. Kilichoandikwa kikabaki mbele ya macho hakihitaji kushikwa. Funzo la kweli kwa mwalimu ni jingine: asitoe maagizo sita kwa mdomo mfululizo akatarajia yafuatwe, na asifute hatua ya kwanza ya hesabu kabla watoto hawajamaliza ya mwisho. Ubao ni kumbukumbu ya mtoto iliyowekwa nje ya kichwa chake. Kuufuta mapema ni kumsahaulisha.

Kutafuta: mfano wa kamusi

Fungu la nne ni kutafuta, na hapa tutachukua mfano mmoja tuufikishe mwisho, nao ni kamusi.

Mtoto amesoma katika kitabu chake kwamba "wapishi walitia viungo katika vyakula". Ameambiwa atafute maneno asiyoyajua. Anafungua kamusi penye W, anatafuta "wapishi", hapati. Anafungua V, anatafuta "vyakula", hapati. Akijaribu "walitia", hatapata pia. Anaifunga kamusi na kusema haina maneno. Mwalimu aliye mbali anamwona amekaa kimya, naye anaandika moyoni: huyu mvivu.

Lakini mtoto huyu ametafuta kwa utaratibu mzuri kabisa. Alilisoma neno, akaitazama herufi yake ya kwanza, akaenda penye herufi hiyo. Kilichomshinda ni mpango ambao hakuna aliyemweleza. Kamusi za Kiswahili huorodhesha nomino katika umoja, kwa hiyo "wapishi" yumo penye M, na "vyakula" vimo penye CH. Vitenzi huwekwa bila viambishi vya nafsi na wakati, kwa hiyo "walitia" limo penye T. Vivumishi vinavyobadilika huwekwa kwa mizizi yao, kwa hiyo anayetaka "cheupe" hana budi kwenda penye E. Na "meno" yamo penye J, kwa sababu umoja wake ni "jino".

Tena watungaji wenyewe hawakukubaliana. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, ilikusanya maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya kitenzi yalikotoka, ili undugu wa maneno uonekane. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 ilifuata zaidi njia ya kulipa neno mahali pake kwa alfabeti, ili lifikiwe upesi. Mpango wa kwanza unajibu swali la mwanaisimu: neno hili ni ndugu wa maneno gani? Wa pili unajibu swali la msomaji: neno hili maana yake nini? Hakuna ulio kosa. Kosa ni kumpa mtoto kamusi bila kumwambia inajibu swali gani na kwa njia ipi.

Ugumu unaofundisha na ugumu usiofundisha

Hapa tutapambana na hoja ya wanaotupinga, maana ina uzito. Husema: mkimrahisishia mtoto kila kitu mtalea uvivu. Elimu ni jasho. Sisi wenyewe tulizitafuta kurasa kwa taabu, na taabu hiyo ilitujenga.

Twakubali nusu ya hoja hiyo. Kwa kweli hapa ndipo mwalimu anapoachana na wasanifu wa tovuti. Mwenye duka la mtandaoni anataka mnunuzi afike kwenye bidhaa bila kuwaza. Mwaka 2000 Steve Krug wa Marekani alitoa kitabu mashuhuri juu ya tovuti ambacho jina lake lenyewe ni ombi la mtumiaji la kutofikirishwa. Mwalimu hawezi kulichukua ombi hilo kama lilivyo, kwa sababu kazi yake ni kufikirisha. Somo lisilo na ugumu wowote halifundishi.

Lakini ugumu una namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakotuponza. Uko ugumu unaofundisha na uko ugumu usiofundisha. Turudi kwenye kamusi. Kumtaka mtoto ageuze "vyakula" kuwa "chakula" kabla ya kutafuta ni ugumu unaofundisha, kwani anajifunza ngeli kwa vitendo. Kila anapotafuta neno anafanya zoezi la sarufi bila kujua. Ugumu huo tusimwondolee. Tumfundishe njia yake: vua viambishi, rudisha katika umoja, ndipo utafute. Lakini kumwacha akisie maana ya vifupisho kama "nm" na "kt", huku ufunguo wake ukiwa katika kurasa za mwanzo ambazo hakuna aliyemwambia azifungue, ni ugumu usiofundisha kitu. Kumwagiza mtoto "soma ile hadithi ya sungura" bila namba ya ukurasa, kitabu kimoja kikiwa mikononi mwa watoto wanne, si kumjenga. Ni kuzitumia dakika tano za kipindi cha dakika arobaini katika kufunua karatasi, na wanaoumia zaidi ni wale walioketi mbali na kitabu.

Basi kanuni tunayoipendekeza ni hii: ugumu wote uwe ndani ya somo, njia ya kulifikia somo iwe nyepesi. Kila kikwazo tunachokiona darasani tukiulize swali moja: mtoto akikivuka atakuwa amejifunza nini? Kama jibu lipo, tukiache na tumsaidie kukivuka. Kama jibu halipo, tukiondoe siku ile ile.

Lawama iko kwa nani?

Katika yote aliyoyaandika Norman, tunaloliona kuwa na maana kubwa kwa walimu ni hili. Aligundua kwamba mtu akishindwa kukitumia kitu kilichoundwa vibaya, mara nyingi hajilaumu kwa kukinunua wala hamlaumu aliyekiunda; hujilaumu kwa ujinga. Mlango wenye kishikio humwita mtu auvute. Akiuvuta, kumbe ni wa kusukuma, hucheka kwa aibu na kujiona mshamba, ilhali mwenye kosa ni aliyeweka kishikio mahali pasipo pake.

Mtu mzima huisahau aibu hiyo baada ya hatua tatu. Mtoto haisahau. Mtoto wa miaka minane aliyeshindwa kupata ukurasa, kisha akachekwa, kisha akaitwa mvivu mbele ya wenzake, hujifunza somo moja tu siku hiyo, nalo ni kwamba vitabu si vyake. Atalikumbuka somo hilo kwa miaka mingi.

Tuangalie mitihani. Katika mitihani ya kuchagua majibu ambayo mtahiniwa hutia kivuli katika karatasi ya pekee, mtoto aliyeruka swali la 12 ili alirudie baadaye, akasahau kuruka nafasi yake katika karatasi ya majibu, atakuwa amekosea kuanzia hapo hadi mwisho, ingawa majibu yote aliyajua. Alama atakazopata hazitapima hisabati yake. Zitapima kuzoea kwake karatasi. Mwalimu hawezi kuibadili karatasi hiyo, lakini aweza kuwazoeza watoto kusoma namba ya swali na namba ya jibu pamoja, kidole kimoja huku na kimoja kule, na kuhakiki kila baada ya maswali matano. Huko si kufundisha mtihani. Ni kumwonyesha mtoto mlango unafunguka upande gani.

Vivyo hivyo kwa madaftari. Alama ya mkasi katika daftari yamwambia mtoto kwamba amepotea, lakini haimwambii amepotea wapi wala arudi kwa njia ipi. Kama mwalimu mwenye watoto 80 hana muda wa kuandika maelezo kwa kila mmoja, aweka duara dogo pale hesabu ilipoanza kuharibika. Duara hilo ni alama ya njia.

Kumtazama mtumiaji

Mpango mzuri hauzaliwi mezani. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji amezoea nyumba yake hata haoni tena kigingi kinachowakwaza watu mlangoni; mgeni akijikwaa, ndipo kigingi kinapoonekana. Mwalimu ni mwenyeji wa mpango wake, na mtoto ndiye mgeni.

Wasanifu wa uzoefu wa mtumiaji wana desturi ambayo twaitamani iingie katika vyuo vyetu. Hawamwulizi mtumiaji kama kitu ni kizuri, maana atajibu kwa adabu kwamba ni kizuri. Humpa kazi ya kufanya, kisha hukaa kimya wakamtazama. Jakob Nielsen, mtaalamu aliyezaliwa Denmark, mwaka 2000 alishikilia kwamba kuwatazama watu watano tu kwatosha kufichua sehemu kubwa ya makosa ya mpango, na kwamba ni heri kujaribu kidogo, kurekebisha, kisha kujaribu tena.

Jambo hili halihitaji fedha. Mwanachuo aliyeko katika mazoezi ya kufundisha achague watoto watano, wala asichague hodari peke yao. Awe na aliye mwepesi, aliye wa kati, anayesoma kwa taabu, anayekaa nyuma, na asiyezungumza. Awape kazi moja iliyo wazi: tafuteni katika kitabu hiki mahali panapoeleza jinsi mbegu inavyoota, au, tafuteni neno hili katika kamusi. Kisha afanye jambo lililo gumu kuliko yote kwa mwalimu, yaani anyamaze. Asielekeze, asikohoe, asitazame penye jibu. Aandike tu: mtoto alianza wapi, alisita wapi, alirudi nyuma mara ngapi, alikata tamaa wapi.

Watoto watatu kati ya watano wakisita mahali pamoja, hapo hapana watoto watatu wavivu. Hapo pana kasoro moja ya mpango, na kasoro moja hurekebishika: kichwa cha habari kikuzwe, jina libadilishwe, namba ya ukurasa iandikwe ubaoni, boksi lisogezwe hadi mkono wa mtoto ulifikie. Kesho yake awaite watoto wengine watano.

Tungependa kuona ripoti za mazoezi ya kufundisha zikiwa na ukurasa mmoja wa jambo hili: mahali watoto waliposita, na mwalimu alibadili nini. Ukurasa huo utatufaa sisi wakufunzi kuliko sifa nyingi za unadhifu wa darasa. Na mwanachuo atakayeuandika kwa uaminifu, kabla ya kuandika katika kitabu cha taarifa kwamba mtoto fulani ni mzito, atakuwa amejizoeza kuuliza kwanza kama njia aliyomwekea mtoto huyo inapitika.